Asili Isiyouzwa: Matabibu na Wakfu Wao wa Mulago

Neno wakfu ni la zamani katika pwani ya Afrika Mashariki, na maana yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa na wengi wanaolitumia siku hizi kuitaja asasi yoyote ya hisani. Katika sheria ya Kiislamu, ambamo neno hilo limetoka, mali iliyowekwa wakfu, iwe kisima, shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Asili yake hubaki palepale, na kinachogawiwa kwa wahitaji ni mazao yake tu. Mvua zikikosekana minazi huzaa kidogo, lakini minazi ipo, na mwakani itazaa tena. Kwa kipimo hicho, asasi inayopokea fedha za mfadhili mwezi huu na kuzimaliza mwezi ujao inatenda hisani, pengine hisani kubwa, ila bado haijawa wakfu.

Kipimo hicho kinahitajika sasa kuliko wakati wowote, kwa kuwa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huohuo shirika lake la maendeleo, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Kliniki nyingi za Afrika zilizokuwa zikitoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zililazimika kuhesabu vidonge na mishahara siku kwa siku. Katika hali hiyo ni haki kuuliza ni lipi, kati ya yote yaliyojengwa kwa fedha za wageni kwa zaidi ya miaka 20, lilikuwa na asili ya kubaki. Mfano unaostahili kuchunguzwa kwa makini ni Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere, ijulikanayo kwa kifupi kama IDI, iliyoko Mulago jijini Kampala, kwa sababu taasisi hiyo ilizaliwa na wakfu ulioongozwa na matabibu wenyewe.

Kliniki iliyotangulia jengo

Historia ya taasisi hiyo huanzia mbali na ofisi za wafadhili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya wavuvi na wachuuzi vya Rakai, kusini mwa Uganda, watu walianza kukonda, kuharisha na kufa kwa ugonjwa ambao wenyeji waliuita slim kwa sababu ya jinsi ulivyomaliza mwili, ilhali ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera nchini Tanzania, ugonjwa huohuo ulipewa jina la Juliana. Madaktari wa Makerere, miongoni mwao David Serwadda, Nelson Sewankambo na Roy Mugerwa, waliwachunguza wagonjwa hao pamoja na wenzao wa kigeni, na Oktoba 1985 walichapisha katika jarida la kitabibu la Lancet makala iliyouhusisha ugonjwa huo na virusi ambavyo baadaye vilikuja kuitwa VVU. Nchi ilikuwa imechakazwa na vita, na shule yao ya udaktari, iliyoanzishwa mwaka 1924 na kusifika Afrika nzima, ilikuwa imepoteza walimu wake wengi tangu enzi za Idi Amin.

Mwaka 1987 Dkt. Elly Katabira alifungua kliniki ya kwanza ya wagonjwa wa UKIMWI katika Hospitali ya Mulago. Dawa ya kupambana na virusi haikuwapo, kwa hiyo kilichowezekana ni kutibu magonjwa nyemelezi, yaani yale yanayosubiri kinga ya mwili ishuke ndipo yashambulie, kama kifua kikuu, utando mweupe wa kinywani na homa za uti wa mgongo, pamoja na kumsikiliza mgonjwa aliyekimbiwa na jamaa zake. Kliniki hiyo ndiyo mbegu. Mtu anayedhani kwamba taasisi ya Mulago ililetwa kutoka ng'ambo ikiwa tayari imekamilika husahau kwamba kabla ya jengo lake kusimama, Waganda walikuwa wamekwisha kuwahudumia wagonjwa hao kwa miaka 17.

Upande wa pili wa dunia, San Francisco, daktari mwingine alikuwa akikabiliana na janga hilohilo. Merle Sande, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, aliongoza idara ya tiba katika hospitali kuu ya jiji hilo tangu mwaka 1980, na chini ya uongozi wake ilifunguliwa mwaka 1983 wodi iliyotengwa kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI, wakati wahudumu wengi kwingineko walikuwa wakiogopa hata kuwagusa. Sande alijulikana pia kwa madaktari wa nchi nyingi kama mmoja wa wahariri wa mwongozo wa Sanford, kijitabu cha mfukoni kinachomwelekeza daktari ni kiuavijasumu gani kinafaa kwa maambukizi gani. Alikuwa, kwa kifupi, mtu wa wodini.

Muungano wa mwaka 2001

Mwaka 1996 wanasayansi walikwisha kuthibitisha kwamba dawa tatu zikitumiwa kwa pamoja huzuia VVU kuzaliana, na katika nchi tajiri vifo vilishuka ghafla. Bei yake, hata hivyo, ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na si mkulima wa Masaka wala mwalimu wa Bukoba aliyeweza kuzifikiria. Mwaka 2001 mambo yalianza kugeuka: Februari, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeuza mchanganyiko huo kwa dola 350 kwa mwaka, Aprili, kampuni za dawa ziliondoa mahakamani mjini Pretoria kesi ziliyokuwa zimeifungulia serikali ya Afrika Kusini kuhusu sheria yake ya dawa nafuu, na mwezi huohuo wakuu wa nchi za Afrika, wakikutana Abuja, waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya.

Katika mwaka huo Sande na Sewankambo, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa shule ya udaktari ya Makerere, pamoja na madaktari wenzao, wakiwamo Katabira, Mugerwa, Moses Kamya, Philippa Musoke, Harriet Mayanja-Kizza, Thomas Quinn wa Marekani na Allan Ronald wa Kanada, waliunda muungano wa wanataaluma kwa ajili ya tiba na kinga ya UKIMWI barani Afrika, na baadaye wakauundia wakfu wa hisani nchini Marekani wa kuutafutia fedha. Mfadhili mkuu wa mwanzo alikuwa kampuni ya dawa ya Pfizer, ambayo iligharimia ujenzi. Ni halali kuuliza kampuni ya aina hiyo ilitafuta nini, kwa kuwa sekta nzima ya dawa ilikuwa ikilaumiwa duniani kwa bei zake, na jina jema lilikuwa na thamani yake sokoni. Jibu la haki ni kwamba nia ya mtoaji haiwezi kupuuzwa, lakini matunda ya alichotoa huamuliwa zaidi na mikono inayokipokea. Mikono iliyopokea safari hii ilikuwa ya watu waliojua kila kitanda cha Mulago.

Kwa sababu hiyo uamuzi wao wa kwanza ulikuwa wa kitabibu kabla ya kuwa wa kiutawala. Waliweka chini ya paa moja mambo matatu ambayo miradi mingi huyatenganisha: kliniki ya kutibu, darasa la kufundishia wahudumu wa afya wa Uganda na wa nchi nyingine za Afrika, na maabara ya utafiti. Mwanafunzi angejifunza kwa mgonjwa halisi, mtafiti angetoa swali lake kwenye foleni ya kliniki, na mgonjwa angepata kwanza faida ya jibu. Jengo lilifunguliwa Oktoba 2004, na kliniki iliyoasisiwa na Katabira ikapata makao mapya. Uamuzi wa pili ulikuwa mzito zaidi, nao ni kwamba mwenye taasisi awe Chuo Kikuu cha Makerere, wala si wakfu wa Marekani.

Sindano ya mgongo

Maana ya wakfu kuongozwa na matabibu huonekana wazi mtu anaposogea karibu na ugonjwa mmoja tu, nao ni homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu aitwaye kriptokokasi. Kuvu huyo huishi katika udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa, na watu wengi humvuta kwa pumzi bila kudhurika. Kinga inaposhuka sana kwa sababu ya VVU, huamka, huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Mgonjwa hufika hospitalini baada ya wiki moja au mbili za maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa, shingo imekakamaa, macho yanaona kitu kimoja kama viwili, na mara nyingine ameanza kuweweseka.

Kuvu wanapojaa katika maji yanayouzunguka ubongo huziba njia zake za kutokea, na shinikizo hupanda ndani ya fuvu lisiloweza kutanuka. Daktari humlaza mgonjwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, huupapasa mgongo wa chini mpaka vidole vipate mwanya kati ya pingili mbili, hutia ganzi, kisha hupenyeza sindano ndefu nyembamba. Juu yake huunganishwa mrija mwembamba wenye alama za sentimita, na maji hupanda humo: kwa mtu mwenye afya hukomea kwa kawaida chini ya alama ya 25, lakini kwa mgonjwa huyu huweza kupita 40. Yanapotolewa taratibu, mililita 20 hivi, maumivu yaliyomkosesha usingizi kwa siku nyingi huanza kulegea akiwa bado amelala palepale. Tone la maji hayo likichanganywa na wino mweusi na kuwekwa chini ya hadubini, kuvu huonekana kama miezi midogo iliyozungukwa na duara la mwanga katika usiku wa giza. Siku hizi kipo pia kipimo cha ukanda wa karatasi, ambao huchovywa katika tone la damu lililochanganywa na kimiminika maalumu, na baada ya dakika kumi mistari miwili huthibitisha ugonjwa.

Jamaa wengi huikataa sindano hiyo. Kwa kuwa wagonjwa huletwa wakiwa wamechelewa na baadhi yao hufa muda mfupi baada ya kuchomwa, sindano hulaumiwa kwa kifo ambacho ugonjwa ulikuwa umekwisha kukiandaa. Kuipunguza hofu hiyo ni kazi ya maneno, na hufanywa na daktari au muuguzi anayezungumza lugha ya mgonjwa na anayeaminika, kwa kuwa hata dawa bora humfaa tu mgonjwa aliyekubali kutibiwa.

Maswali yanayotoka kitandani

Ni kwenye vitanda vya namna hiyo lilipozuka swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake la hakika. Mgonjwa wa kriptokokasi huhitaji dawa ya kuvu na pia dawa za kufubaza VVU. Je, hizi za pili zianze mara moja au zisubiri? Akili ya kawaida husema kinga irudishwe haraka. Hata hivyo, madaktari walikuwa wameona kinga iliyoamshwa ghafla ikiwashambulia kuvu waliojaa tayari ndani ya kichwa, na uvimbe unaofuata kumwua mgonjwa. Watafiti wa Makerere, akiwamo David Meya, pamoja na David Boulware wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walifanya jaribio la kitabibu, yaani utafiti ambamo wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi yanayolinganishwa, wakiwashirikisha wagonjwa 177 nchini Uganda na Afrika Kusini. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikuwa limedhihirika: baada ya wiki 26, asilimia 70 ya waliosubiri takriban wiki tano walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 55 ya walioanzishiwa dawa ndani ya wiki mbili za kwanza. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014 na kubadili utaratibu wa tiba.

Kabla ya hapo taasisi ilikwisha kuwa miongoni mwa vituo vya utafiti mkubwa uliojulikana kwa jina la DART, ulioshirikisha wagonjwa 3,316 wa Uganda na Zimbabwe, na ambao uliuliza jambo lililoamua hatima ya mamilioni ya watu wa vijijini: je, dawa za VVU zinaweza kutolewa kwa usalama mahali pasipo na maabara ya kupima damu kila baada ya miezi mitatu? Baada ya miaka mitano, asilimia 90 ya waliofuatiliwa kwa vipimo vya maabara walikuwa hai, na asilimia 87 ya waliofuatiliwa kwa uchunguzi wa kawaida wa daktari au muuguzi. Tofauti ipo, lakini ni ndogo mno kulinganishwa na hasara ya kumnyima mtu dawa kwa sababu tu kijiji chake hakina mashine. Swali kama hilo humjia kwa urahisi mtu aliyewahi kumrudisha mgonjwa nyumbani mikono mitupu.

Miaka michache baadaye Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi tano za Afrika zilizofanya utafiti wa AMBITION kwa wagonjwa 814 wa kriptokokasi. Dawa ya zamani, amfoterisini, ilibidi itiwe mshipani kila siku kwa wiki nzima, na huku ikipambana na kuvu iliyaumiza mafigo na kupunguza damu. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta, pamoja na vidonge kwa wiki mbili, iliokoa maisha sawa na tiba ya zamani na kuwaletea wagonjwa madhara machache zaidi. Shirika la Afya Duniani liliupokea ushahidi huo na kuipendekeza tiba hiyo mwaka huohuo.

Minazi ilipoachwa peke yake

Merle Sande alifariki Novemba 2007. Wakfu alioanzisha na wenzake, ambao baadaye ulibeba jina la Accordia, uliongozwa na Warner Greene, daktari na mtafiti wa virusi wa San Francisco, na katikati ya miaka ya 2010 uliunganishwa na shirika la Africare. Kwa lugha ya wakfu wa pwani, aliyepanda mnazi aliondoka, na ua alilozungushia likabomolewa. Mnazi haukukauka. Taasisi ya Mulago iliendelea kuwa mali ya Makerere, na baada ya mkurugenzi wake wa kwanza, Keith McAdam kutoka Uingereza, usukani ulishikwa na Alex Coutinho, daktari aliyewahi kuliongoza shirika la TASO la kuwasaidia wenye VVU, na miaka iliyofuata na Andrew Kambugu, daktari Mganda aliyekulia kitaaluma ndani ya taasisi hiyohiyo. Damalie Nakanjako, aliyefanya utafiti wake wa uzamivu chini ya mpango wa taasisi, alipanda hadi kuwa mkuu wa Chuo cha Sayansi za Afya cha Makerere.

Hapo ndipo ilipo asili isiyouzwa. Jengo huzeeka, mashine huharibika na ruzuku huisha, lakini daktari aliyefundishwa vizuri huwafundisha wengine kumi, na hao hawawezi kufutwa kwa waraka uliotiwa saini ng'ambo. Ushahidi ulikuja mapema mno: tarehe 30 Januari 2025, siku kumi tu baada ya Marekani kusimamisha misaada, Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan jijini Kampala, na mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa Mulago. Hakuna chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya aina hiyo, ila ipo iliyokuwa ikisubiri kujaribiwa. Siku nne baadaye wanasayansi wa Makerere na wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, wakisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na wadau wengine, walikuwa wamekwisha kuanza kuwachanja waliokutana na wagonjwa, katika jaribio walilolipa jina la Kiswahili, Tokomeza. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Aprili 26. Kasi hiyo haikununuliwa kwa siku nne. Ilikuwa zao la itifaki, maabara na watu walioandaliwa kwa zaidi ya miongo miwili.

Itakuwa ni kujidanganya, hata hivyo, kusema kwamba yote ni salama. Sehemu kubwa ya dawa, vipimo na mishahara ya kliniki za VVU nchini Uganda imekuwa ikilipwa na mpango wa Marekani wa PEPFAR, uliotangazwa mwaka 2003, na Mfuko wa Dunia, na mara fedha zilipoyumba wizara ya afya iliagiza huduma za VVU na kifua kikuu zihamishiwe katika kliniki za kawaida. Wahenga walionya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Daktari akiwa na ujuzi wote wa dunia lakini kabati la dawa likawa tupu, anarudi palepale alipokuwa Katabira mwaka 1987: kumsikiliza mgonjwa na kumshika mkono.

Wajibu wa matabibu waliounda wakfu huo umetimizwa kwa kiasi kikubwa: wamepanda, wamefundisha, na wameacha mali mikononi mwa wenyewe. Wajibu uliobaki ni wa serikali na wananchi wa Afrika Mashariki. Ahadi ya Abuja ya asilimia 15 ilitolewa mwaka uleule uliozaa muungano wa Mulago, na nchi nyingi zilizoitoa hazijaitimiza. Ni wajibu wa kila mbunge anayepitisha bajeti, na wa kila mpiga kura anayemtuma bungeni, kuidai sasa, kwa sababu wakfu usio na wa kuumwagilia maji hauzai, hata kama mizizi yake ni mizima.